Kupima sumukuvu kwa mwanga: kabla hujanunua amplifaya ya lokini

"Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fizikia tumizi. Natengeneza kifaa cha kubebeka cha kupima sumukuvu, yaani aflatoksini, kwenye mahindi. LED ya UV ya 365 nm inamulika kyuveti (kichupa cha kupimia) yenye dondoo la mahindi katika methanoli, na fotodayodi (kihisi cha mwanga) ya BPW34 iliyo pembeni, kwa nyuzi 90, inapokea mng'ao wa bluu wa sumukuvu hiyo. Fotodayodi imeungwa kwa kebo ya koaksia ya mita moja hadi kwenye TL072, opampu (chipu ya kukuza ishara) yenye rezista ya 1 MΩ, ikifuatiwa na hatua ya pili inayokuza mara 100, kisha bodi ya Arduino Uno inayosoma volti. Nikirudisha hesabu kwenye hatua ya kwanza, methanoli tupu inasoma kama 5 mV, na aflatoksini B1 ya nanogramu 100 kwa mililita inasoma kama 7 mV. Shida ni kwamba namba zinacheza kwa 30 mV kutoka chini hadi juu, hata nikichukua wastani wa vipimo 100. Kwenye osiloskopu naona 50 Hz, 100 Hz na mawimbi mengine ya karibu 50 kHz. Boksi ni la mbao, ndani nimebandika manila nyeupe ili mwanga usipotee. Fundi mmoja ananishauri niweke opampu ya LM358. Msimamizi wangu anasema tuombe fedha za amplifaya ya lokini, ile mashine ya kuchomoa ishara ndogo kwenye kelele. Nifanyeje?"

Marahaba. Unahofia kwamba ishara yako imezama kwenye kelele, na kwamba bila mashine ya maelfu ya dola mradi umekwama. Haujakwama. Kelele unayoiona ni tatu tofauti zilizokaa pamoja, na kila moja ina dawa yake ya bei ya vocha. Kuna jambo la nne ambalo hujalilalamikia hata kidogo, nalo ndilo litakaloamua kama kifaa kitafanya kazi: zile 5 mV za methanoli tupu. Hizo lokini haiwezi kuziondoa.

Kwanza angalia unakokwenda. Kiwango cha juu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na mikrogramu 5 za B1. Ukichukua gramu 20 za unga ulio kwenye kikomo hicho cha 10 ukazitolea dondoo kwa mililita 100, na ukabahatika kuitoa sumu yote, utapata nanogramu 2 kwa mililita. Sampuli yako ya nanogramu 100 imekupa 2 mV juu ya methanoli tupu, kwa hiyo nanogramu 2 zitakupa 0.04 mV. Kwenye rezista ya 1 MΩ hiyo ni mkondo wa pikoampea 40, uliokaa juu ya nanoampea 5 za sampuli tupu, yaani asilimia 0.8 yake. Shika namba hiyo, tutairudia.

Sasa kelele. Umeme wetu wa gridi ni 50 Hz, na taa za chumbani humeta mara mbili ya hapo, yaani 100 Hz. Kuzitenganisha hakuhitaji kifaa kipya. Zima LED ya UV, izungushie fotodayodi utepe mweusi wa fundi umeme, kisha juu yake foili ya jikoni iliyoungwa na ardhi ya saketi, ukiangalia foili isiguse miguu ya fotodayodi. Kama 100 Hz imekufa, ilikuwa mwanga unaopenya kwenye maungio ya boksi. Kama bado ipo, inatoka kwenye pawasapulai yako, kwa kuwa transfoma yenye daraja la dayodi nayo huacha mabaki ya 100 Hz. Ile 50 Hz ikibaki, ni umeme unaoruka kutoka kwenye nyaya za jengo hadi kwenye mguu wa kuingizia wa opampu, au ni ardhi mbili zinazozunguka kupitia kompyuta. Chomoa chaja ya laptopu, itumie kwa betri, uone kama inapungua. Dakika kumi za jaribio hili zinakwambia mengi kuliko wiki nzima ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Kuhusu wastani wa vipimo 100: Uno hutumia takribani mikrosekunde 104 kwa kipimo kimoja, kwa hiyo vipimo 100 huchukua kama milisekunde 10. Huo ni nusu ya mzunguko wa 50 Hz. Ukianzia kwenye kilima, wastani unapanda; ukianzia kwenye bonde, unashuka. Umechagua, bila kukusudia, karibu muda mbaya kuliko yote. Kuna na la pili: ishara yako ya 7 mV ikicheza milivolti 15 kila upande inakwenda chini ya sifuri. Uno haisomi volti hasi, inaziandika sifuri tu, kwa hiyo wastani wako umekatwa mguu mmoja na hautakuwa sahihi hata ukichukua vipimo milioni. Zaidi ya hayo, hatua ya pili inapeleka karibu volti moja hasi kwenye pini ya Arduino, jambo linaloweza kuiua. Weka ulinzi hapo leo hii.

Yale mawimbi ya 50 kHz hayatoki nje, unayatengeneza mwenyewe. BPW34 isiyo na volti ya kinyume ina kapasitansi ya karibu 70 pF, mita moja ya koaksia inaongeza kama 100 pF, na opampu pamoja na nyaya hufikisha jumla karibu 200 pF. Rezista ya 1 MΩ ikikutana na 200 pF, marejesho (sehemu ya mtokeo inayorudishwa kwenye mguu wa kuingizia) huanza kuchelewa kuanzia karibu 800 Hz, na juu ya hapo yanakuwa yamechelewa kwa robo ya mzunguko. Opampu nayo kwa asili yake huchelewa robo nyingine. Robo mbili ni nusu mzunguko, hivyo marejesho yaliyokusudiwa kutuliza yanaanza kusukuma. Kwa TL072, yenye upana wa 3 MHz, hesabu inaangukia karibu 49 kHz, ndipo hasa unapoyaona. Dawa ni kapasita ndogo sambamba na rezista ya marejesho. Thamani ya chini hupatikana kwa kipeuo cha pili cha Cin ÷ (2π × Rf × upana wa opampu), Cin ikiwa ile jumla ya 200 pF na Rf rezista ya marejesho. Kwako ni kama 3 pF. Kebo ndefu zaidi itadai kapasita kubwa zaidi. Kwa hiyo usianze na kapasita, anza kwa kuiondoa kebo: fotodayodi ikae kwenye bodi ileile ya opampu, miguu yake iwe mifupi, na bodi yote iingie kwenye kopo la chuma lililoungwa na ardhi. Kinachosafiri kwenye kebo kiwe volti iliyokwisha kukuzwa, si nanoampea mbichi.

Hapa ndipo dhana ya kukuza inapotatiza watu wengi. Hatua yako ya pili hukuza ishara na kelele kwa kiasi kilekile, hivyo haikusaidii kuona kilichozama. Rezista ya hatua ya kwanza ni habari nyingine. Ukiipandisha kutoka 1 MΩ hadi 10 MΩ, ishara inakua mara 10, lakini kelele ya joto ya rezista yenyewe inakua kwa kipeuo cha pili cha 10 tu, yaani mara 3.2. Faida hiyo haiendelei milele. Volti juu ya rezista ikipita kama 50 mV, kelele ya mkondo wenyewe, inayotokana na elektroni kufika moja moja, inaipita ile ya rezista, na kuongeza ukinzani hakuleti tena faida ya maana. Nanoampea zako 5 hadi 7 kwenye 10 MΩ ni 50 hadi 70 mV. Simama hapo. Weka kapasita ya 10 pF ya seramiki aina ya C0G, utapata upana wa karibu 1.6 kHz, unaotosha kwa kazi inayofuata. Usishawishike kuweka 100 pF ili mstari uonekane mtulivu: utabaki na 160 Hz na utakuwa umeua ishara unayoitafuta.

LM358 iache kabisa. Miguu yake ya kuingizia ina mkondo wake yenyewe wa makumi ya nanoampea, nawe unatafuta pikoampea 40. TL072 iko kwenye makumi ya pikoampea, tena mkondo huo hautulii joto likibadilika, lakini hautusumbui tukiuwasha na kuuzima mwanga. Ukimaliza kuchomelea, safisha bodi kwa alkoholi ya isopropili na mswaki. Mabaki ya flaksi yakishika unyevu, hasa ukiwa Tanga au Mombasa, hupitisha umeme kuzunguka rezista ya 10 MΩ, na utahangaika kumtafuta mchawi asiyekuwepo.

Lokini yenyewe kazi yake ni rahisi kuieleza. Unawasha na kuzima LED kwa masafa unayoyachagua, kisha unapokea tu kile kinachopanda na kushuka pamoja nayo. Kila kisichofuata mdundo huo hujifuta: 50 Hz, taa, mtambao wa opampu. Unaweza kuijenga kwa chipu ya CD4053, ambayo ni swichi za kielektroniki. Toa wimbi la mraba la 425 Hz kwenye pini ya Arduino. Namba hiyo si ya kubahatisha: wimbi la mraba lina vizidisho witiri, na kila kizidisho witiri cha 425 kinaangukia katikati ya vizidisho vya 50, hivyo hakigongani na umeme wa gridi hata kimoja. Pini hiyohiyo iendeshe LED kupitia transista na pia iamuru CD4053. Ishara kutoka hatua ya kwanza ipite kwenye kapasita ya 1 µF yenye rezista ya 100 kΩ kwenda ardhini, ili volti tuli ibaki nyuma, kisha ikuzwe mara 20, si 100. Baada ya hapo igawe njia mbili, moja ilivyo na nyingine ikigeuzwa alama na opampu yenye rezista mbili za 10 kΩ za asilimia 1. CD4053 ichague ya kwanza LED ikiwaka na ya pili LED ikizima. Ipe chipu hiyo +5 V na −5 V, kwa kuwa pini yake ya VEE imewekwa kwa ajili ya ishara zenye pande mbili. Maliza kwa 1 MΩ na kapasita ya filamu ya 1 µF, opampu ya kufuata volti, na ADS1115, chipu ya kugeuza volti kuwa namba, yenye biti 16. Usijaribu kuitumia ADS1115 kusoma 425 Hz moja kwa moja; vipimo 860 kwa sekunde, ambavyo ndivyo mwisho wake, havitoshi. Hapa inasoma volti tuli, kazi inayoijua vizuri.

Tukirudi kwenye pikoampea 40: kwenye 10 MΩ ni 0.4 mV, baada ya kukuza mara 20 ni 8 mV, na CD4053 ikishafanya kazi yake unabaki na kama 4 mV. ADS1115 kwenye kipimo cha 2.048 V ina hatua za 62.5 µV, kwa hiyo unachotafuta kina hatua 64. Kapasita ya 10 pF itachelewesha ishara kwa nyuzi 15 hivi, na hilo litakugharimu karibu asilimia 17 ya ukubwa; kwa kuwa kiasi hicho hakibadiliki, kalibresheni itakimeza. Kelele ya rezista na ya mkondo, kwa muda wa sekunde moja, iko kwenye sehemu za mia za pikoampea. Kielektroniki, basi, umeshavuka mto.

Angalizo moja kabla hatujatoka hapo. Kuwasha na kuzima LED hakukupi ruhusa ya kuacha boksi wazi. BPW34 chini ya mwanga wa lux 1000 hutoa makumi ya mikroampea, ilhali kwenye 10 MΩ mikroampea 1.2 tu zinahitaji volti 12, yaani opampu imegonga dari. Opampu iliyogonga dari haina ishara ya kumpa mtu yeyote, hata lokini ya dola elfu kumi.

Sasa zile 5 mV. Ni mwanga unaowaka na kuzima pamoja na LED yako, kwa mdundo uleule wa mng'ao wa sumukuvu. Kwa lokini yoyote huo ni ishara halali. Hapa ndipo fedha za msimamizi wako zinapotakiwa kwenda.

Mtuhumiwa wa kwanza ni ile manila nyeupe. Karatasi nyingi nyeupe hutiwa dawa za kung'arisha ambazo zikimulikwa kwa UV hutoa mwanga wa bluu wa karibu 430 hadi 440 nm, rangi ileile ya B1, inayong'aa karibu 425 hadi 430. Ingia kwenye chumba chenye giza, vaa miwani ya kukinga UV, mulika ndani ya boksi kwa tochi ya 365 nm uone mwenyewe. Mulika pia uzi wa kitambaa, utepe, gundi, na kyuveti. Za plastiki nyingi zina mng'ao wao. Za kioo cha macho zinatosha kwa 365 nm, huhitaji kuingia gharama ya kwatzi. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, na hiyo nayo uimulike kwanza. Mwanga wa UV usiopita kwenye sampuli umezwe. Kuuhifadhi ndani ya boksi kunakuumiza.

Mtuhumiwa wa pili ni UV yenyewe. Hukutaja chujio lolote. LED ya 365 nm huwa na mkia hafifu wa mwanga unaoonekana, hivyo mbele yake weka kioo cheusi cha kupitisha UV, kama ZWB2 kinachofungwa kwenye tochi za UV. Mbele ya fotodayodi weka kioo cha manjano kinachozuia chini ya 420 nm, mfano GG420. Kioo cha ZWB2 huachia kidogo mwanga mwekundu wa karibu 700 nm, na BPW34 inaupenda huo kuliko bluu. Fotodayodi hiyo imetengenezwa kwa infraredi: kwenye 430 nm uwezo wake umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kilele chake. Ibadilishe kwa BPW34B, ndugu yake aliyeboreshwa kwa bluu. Inaingia kwenye matundu yaleyale, na itakuongezea ishara ya bluu.

Hata ukipunguza sampuli tupu hadi 1 mV, haitakuwa sifuri, na LED hupungua mwanga kadiri inavyopata joto. LED ikipungua asilimia 1 wakati sampuli tupu ni 5 mV, umepoteza 0.05 mV, zaidi ya ishara yote ya kikomo chako. Iendeshe kwa mkondo thabiti, iungwe kwenye kipande cha alumini, ipewe dakika 15 za kupasha, na uweke fotodayodi ya pili inayoitazama LED moja kwa moja ili ugawanye kipimo kimoja kwa kingine. Kisha pima methanoli tupu angalau mara 10, ukiitoa kyuveti na kuirudisha kila mara, kwa kuwa mkao wa kyuveti nao ni kelele. Mara tatu ya mchepuko sanifu wa vipimo hivyo, ukigawanya kwa mteremko wa kalibresheni, ndicho kikomo chako cha ugunduzi. Andika hicho kwenye tasnifu, hata kama kitakuudhi.

Na kinaweza kukuudhi, maana kuna mambo ambayo fizikia haiyatatui. Dondoo la mahindi lina vitu vingine vinavyong'aa kwa UV. Ule mng'ao wa kijani-manjano unaoonekana kwenye punje zenye ukungu, kwa mfano, unahusishwa na asidi ya kojiki, si aflatoksini yenyewe. Tena mng'ao wa B1 hufifia palipo na maji, hivyo dondoo la methanoli ya asilimia 70 halitakupa mteremko ulioupata kwenye methanoli safi. Wanakemia hulishughulikia hilo kwa saiklodekstrini au kwa kuibadilisha B1 kikemia, na husafisha dondoo kwa safu za kingamwili. Bila usafishaji wa namna fulani, mimi nisingetarajia kifaa hiki kisome mikrogramu 10 kwa kilo kwenye mahindi halisi. Kutenganisha mahindi yaliyochafuka sana na yaliyo safi kunawezekana zaidi, na hilo peke yake linatosha kuwa mradi wa uzamili.

Kwa hiyo nenda ukakae na mtu wa maabara ya kemia ya chakula, ana kwa ana, kabla hujagusa mahindi. B1 imo kwenye Kundi la 1 la visababishi vya saratani la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani: sampuli sanifu zichanganywe ndani ya hudi (kabati la maabara la kuvuta hewa), kwa glavu, na mabaki yaangamizwe kwa utaratibu wa maabara hiyo, yasimwagwe kwenye sinki la fizikia. Methanoli ni sumu na inashika moto, isikae karibu na bodi unayoichomelea. Omba pia sampuli zako zipimwe kwa HPLC, ile mashine ya maabara ya kutenganisha na kupima kemikali, angalau chache za kila kiwango, ukianzia na zile ambazo kifaa chako kinasema ni salama. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yenye aflatoksini yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao. Mpaka ulinganifu huo na HPLC uwe mkononi, usimpe mkulima wala mfanyabiashara jibu lolote kutoka kwenye boksi hilo, hata akikubembeleza.